Kofia ya Baba Yako Inaenda Iringa

Tusekile,

Salamu nimeziacha, maana salamu hupelekewa mtu anayezipokea. Wewe tangu Jumapili unapita mbele yangu kama unavyopita mbele ya kabati. Hujanipa shikamoo hata moja. Basi na mimi naanza bila kukujulia hali. Najua u mzima, nasikia unavyobamiza milango.

Umetoka kwenda Ilomba kuwaaga rafiki zako. Festo yuko uani anapaka mafuta vyuma vya cherehani ya mteja. Mimi nimefunika cherehani yangu mapema, nguo za shule za watu zimelala kwenye kapu nusu nusu, ili niandike kabla giza halijaingia. Kesho asubuhi unapanda basi kwenda Iringa kuanza chuo. Kesho hiyo hiyo, mimi na mume wangu tunapanda basi kwenda Iringa kwenye kanivali. Mji mmoja, barabara moja, mabasi mawili. Mtu akitusikia atadhani sisi ni wagombea wa vyama viwili.

Barua hii naiweka ndani ya tranka lako, chini ya taulo. Utaikuta kesho jioni ukifungua mzigo bwenini. Mambo ya kila siku sikuandikii. Habari ya kuchemsha maji na kufunga mlango uliisikia tangu ukiwa darasa la pili, na kama haikuingia wakati ule, karatasi haitasaidia. Nataka kuandika juu ya ugomvi wetu. Nimeona unaondoka nao kama mali yako peke yako, kumbe nusu ni yangu.

Kwanza nikuambie kitu kitakachokukera: nina furaha. Nina furaha mpaka naogopa majirani watanichangia maombi. Asubuhi naamka nakuta maji ya kuoga yameshapashwa moto, na baridi hii ya Mbeya unaijua. Akirudi jioni anapiga mluzi kabla hajafika getini, ule mluzi wa pande mbili, na mimi mwanamke mzima mwenye mtoto wa chuo naangusha mkasi. Ananiita bibi harusi mbele ya wateja. Juzi mwalimu mmoja alikuja kuchukua sketi za wanafunzi wake, Festo akapita na beseni, akasema, "Bibi harusi, chumvi iko wapi?" Yule mwalimu akacheka, mimi nikakosea kuhesabu sketi. Usiku mvua ikipiga bati namwambia Festo, nakupenda. Namwambia hivyo hivyo, kwa maneno. Najua unasoma hapa umekunja pua. Kunja.

Sababu ya kukuambia si kukuchokoza tu, ingawa kukuchokoza kumo. Baba yako sikuwahi kumwambia.

Mimi niliolewa na marehemu nikiwa nimemaliza kidato cha nne karibuni tu. Kwetu Tukuyu mama yangu alinifunda kwamba mwanamke mwenye heshima hamwagi furaha yake nje kama maji ya kuoshea vyombo. Mume akisafiri, usilie. Akirudi, usikimbie mlangoni. Nikashika hilo. Baba yako alikuwa dereva wa lori la mbao, alikuwa akirudi kutoka Mafinga na vumbi mpaka kwenye nyusi, na mimi nilikuwa nasikia lori tangu kona ya mbali, moyo unaruka. Akiingia nasema, "Umerudi. Chai ipo." Ndiyo hayo tu. Yeye alikuwa mtu wa kucheka na watu wote, akifika kwangu anapunguza sauti, anadhani labda nimechoka naye. Mpaka anaugua, mpaka anakwisha, hakujua kwamba nilikuwa nalijua lori lake kwa mngurumo. Heshima ile niliyoishika haikunisaidia chochote. Leo nimeamua bora nionekane mjinga kuliko kukaa kimya tena.

Sasa nakuangalia wewe. Umechukua kimya changu kile kile, umekivaa kama sweta, na unakitumia kunipiga.

Siku ya harusi yetu nilikuita uje ulishwe keki. Ukumbi mzima unapiga makofi. Ukaja, ukafungua mdomo, ukameza bila kutafuna, ukageuka ukarudi kukaa. Mgongo wako ndio uliopigwa picha. Ninayo. Nilikasirika sana, lakini nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Shangazi zangu wakasema, "Mtoto ana haya." Haya gani. Nilijua ni vita.

Halafu hii safari. Nataka uielewe ilivyoanza, kwa sababu unaamini tuliipanga ili tukufuate.

Festo alilisikia tangazo la kanivali redioni, akiwa amelala chali chini ya meza ya mashine. Akatoka huko na utando wa buibui kiparani. Akasema Iringa watafanya kanivali, maandamano ya ngoma na matarumbeta na watu waliojipaka rangi, yataanzia kule kwenye Boma la Wajerumani, yashuke mpaka sokoni. Na kila mtaa utatoa kikundi chake, na wazee wa Idodi, kijijini kwao, watakuja na ngoma. Akaniambia, "Mke wangu, tangu tuoane hatujaenda popote ila dukani kununua uzi." Nikacheka. Tukaanza kupanga kama watoto. Ijumaa tunasafiri mchana, hatukimbizani na mtu, Makambako tunakula kitu cha moto. Tunafikia kwa dada yake, Kihesa. Jumamosi kanivali tangu asubuhi mpaka miguu ikatae. Jumapili, baada ya ibada, anipandishe jiwe la Gangilonga, tukae juu tutazame mji wote, mapaa ya zamani na miti ya jakaranda iliyochanua, nile mahindi ya kuchoma, nisifikirie sketi ya mtoto wa mtu. Ndiyo safari yenyewe. Kitu kidogo cha watu wawili waliochelewa kukutana.

Barua yako ya chuo ilipokuja tukaona tarehe zimekaa pamoja. Ni mimi niliyesema, basi twende wote. Si Festo. Mlaumu mwenye kosa.

Unakumbuka ilivyokuwa mezani. Festo alikuwa ameshika kipande cha ugali, anaeleza kwa furaha kama mtu anayefungua zawadi.

"Tranka la Tusekile nitalibeba mimi," alisema. "Jumapili alasiri tunamfikisha mpaka mlangoni pa chuo, na matarumbeta tukiyakuta njiani tunayachukua."

Wewe ukasema, ukinitazama mimi, "Mama, nimeshakata tiketi. Basi lingine."

"Basi lingine la nini, na sisi tunaenda huko huko?"

"Lenu litakuwa limejaa mapenzi. Nitakosa pa kukaa."

Festo akasema, "Mimi nitakaa kwenye buti na mizigo. Viti viwili mtakaa nyinyi."

Hukumjibu. Hujawahi kumjibu. Ukaniambia mimi tena, taratibu, kama karani wa mahakama, "Mwambie mgeni wako avue kofia ya baba wakati anakula."

Ukaondoka na sahani yako. Festo akaivua kofia, akaiweka gotini, akaupapasa ule unyoya wa kanga, akaendelea kula. Nilitamani angekasirika. Nilitamani mtu mmoja humu ndani anisaidie kukasirika.

Nilidhani nitakulainisha kwa nguo. Kosa la fundi nguo, kila kitu anadhani kinashoneka. Nikanunua kile kitenge cha bluu chenye madoa ya njano, nikakata sare za watu watatu: shati la Festo, gauni langu, gauni lako. La kwako nililitia mikono ya marinda kwa sababu mabega yako ni ya baba yako, mapana, yanapendeza na marinda. Nilikuwekea kitandani Jumamosi. Jumapili narudi kanisani nakuta juu ya cherehani yangu vipande vya gauni, vimekunjwa kimoja juu ya kingine: kifua, mgongo, mikono miwili, kola. Ulikuwa umefumua mshono mmoja mmoja kwa wembe. Na uzi uliofumuliwa umeuzungushia kwenye kipande cha karatasi, ukauweka juu, kama mtu anayerudisha chenji.

Tusekile, nimetukanwa na wateja, nimetukanwa na mawifi, sijatukanwa vile. Kufumua nilikufundisha mimi. Ulikuwa unakaa chini ya meza hii hii, una wembe uliofungwa kitambaa upande mmoja, nakupa nguo nilizokosea unazifumua bila kuzitoboa. Nikakufuata chumbani.

"Umemaliza?" nikakuuliza.

"Nimekurudishia kitambaa chako. Utamshonea shati la pili."

"Festo amekukosea nini?"

"Yule ni mwizi aliyeiba msibani, Mama. Wewe mwenyewe ndiye uliyemwita hivyo. Sasa unampashia chakula."

Tangu hapo hatujasemezana. Na nilinyamaza kwa sababu ulisema kweli. Nilimwita hivyo. Ndiyo maana lazima nikueleze msiba wa baba yako, kwa sababu wewe ulikuwa mdogo na mimi nilikuwa mgeni wa jambo lenyewe, na wote wawili tumeishi miaka yote hii juu ya kitu ambacho hatukukielewa.

Unakumbuka Festo alivyoingia. Watu wamejaa uani, jeneza limeshatolewa nje, mchungaji anajiandaa. Akaja yule mtu mwembamba mwenye kipara, hakutoa pole. Akaenda moja kwa moja ukutani, akaitungua ile pama ya kijivu ya baba yako, ile uliyomchomekea unyoya wa kanga mlipotoka Songea kwa babu, akaivaa. Akakaa kwenye kiti cha baba yako. Akakohoa kama baba yako alivyokuwa anakohoa, akaita kwa sauti yake kabisa, "Mama Tuse, chai iko wapi? Au nikishafariki na majani yanafichwa?"

Mimi nilihisi nimekatwa na kisu. Akatoka, akajilaza chini mbele ya jeneza. "Huyu Mngoni hazikwi," akasema. "Babu zangu wamemsaka tangu enzi za vita, kila siku anakimbia, leo kajilaza mwenyewe. Nilipeni kwanza, ndipo mumpitishe."

Wazee wa Kingoni waliotoka Songea walikuwa wanacheka. Wanacheka na machozi yanashuka. Nikawaona wote ni wendawazimu. Na wewe, uliyekuwa umekaa kimya tangu asubuhi, ukatoka mbio miguuni kwangu, ukamrukia pale chini, ukamng'ata mkono mpaka damu. Unakumbuka ladha yake? Mimi nakumbuka sauti.

Nikapiga kelele, mtoeni huyu mlevi. Baba yako mdogo akanisogelea, akaninong'oneza, "Shemeji, huyu si mlevi. Ni Mhehe, ni mtani wetu, yuko kazini. Mpe hata kuku mmoja, ataiacha kofia."

Nikasema, "Kuku wangu halishi wezi."

Nikamfukuza mtani msibani. Mimi Mnyakyusa, niliyeolewa na Mngoni, sikujua kwamba Wahehe na Wangoni walipigana zamani mpaka wakachoka, wakaachiana utani badala ya mikuki, na kwamba mtani ndiye anayeruhusiwa kumcheka maiti ili walio hai wapate kupumua. Baba yako alinisimulia mara nyingi juu ya fundi mmoja wa kutengeneza cherehani, wa mtaa wetu huu wa Soweto, wanayetukanana kila asubuhi, nikawa nasema "mm" huku nahesabu vifungo. Festo aliondoka pale na kofia kichwani na damu mkononi, na nyuma yake msiba ukawa kimya. Kimya kizito. Hakuna aliyecheka tena, na nadhani hakuna aliyelia vizuri.

Miaka ikapita. Mashine yangu ya ovaloki, ile ya kufunga kingo, ikaharibika, fundi wangu wa siku zote amehama, jirani akaniletea mwingine. Sikumtambua. Alikuwa amevaa kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi. Akafungua mashine, akakunja mkono wa shati, nikaona kovu la meno madogo. Nikasimama. Akasema bila kuinua macho, "Ulilea chui, mama. Kila ikija baridi kovu linanikumbusha." Nikamwambia atoke. Akasema, "Nikitoka sasa skrubu hizi hutajua zinaingia wapi." Akamaliza, akataka kikombe cha maji tu, akaenda.

Nitakuambia jambo ambalo hata Festo halijui vizuri. Wiki iliyofuata niliulegeza mkanda wa ile mashine mwenyewe, kwa bisibisi. Akaja. Nikaulegeza tena. Mara ya tatu akaukagua, akanitazama, akasema, "Mkanda huu una mapepo. Itabidi nihamie." Nikacheka, Tusekile. Sauti ikatoka ambayo nilikuwa nimeisahau. Wewe ulikuwa bweni kidato cha tano, uliporudi likizo ukanikuta nimebadilika, ukamwona, ukauona mkono wake. Uso wako ukafungika siku hiyo na haujafunguka.

Haya. Sasa kofia.

Umeona anavyoivaa. Uani, mezani, getini, mpaka kwenye kahawa. Ninakubali, hata mimi ilinikera. Kabla hatujaoana haikuwa kichwani kwake hata siku moja. Ilikaa miaka yote ndani ya mfuko wa nailoni, imetundikwa juu kwenye kibanda chake cha kazi, mbali na panya. Tumeoana tu, akaanza kuivaa, na zaidi ukiwepo wewe. Nikadhani ni ubabe wa mwanaume aliyepata nyumba.

Jumapili hiyo, baada ya kutoka chumbani kwako, nilimtupia Festo vile vipande vya gauni mapajani. Nikamwambia tazama kazi ya mtoto. Akavifungua kimoja kimoja, akavitazama kingo zake kwenye mwanga. Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Hakuna uzi hata mmoja uliochanika vibaya," akasema. "Huyu ana hasira ya fundi."

Nikamwambia, kama wewe unacheka basi kesho nawafukuza wote wawili. Na hiyo kofia vua, umrudishie, yaishe.

Akaacha kucheka. "Siwezi kumrudishia," akasema. "Kitu cha mtani kilichochukuliwa msibani hakirudishwi bure. Ukirudisha bure umesema marehemu hakuwa na mtu wa kumgombea. Ikombolewe."

"Haya, naikomboa mimi. Kuku yule pale bandani."

"Wewe ni mke wangu. Kuku wako ni kuku wangu. Nitakuwa nimejilipa mwenyewe, Wangoni watanicheka mpaka kaburini."

"Sasa unaivaa ya nini mbele ya mtoto, kama si kumchoma?"

Akaipapasa ile pama. Akasema, "Naivaa ili aje anivue."

Akaendelea. Akasema siku ya msiba alifanya kazi yake yote, alikohoa, alijilaza, alidai malipo, na katika watu wote wale ni mmoja tu aliyemjibu. Wewe. Ulimjibu kwa meno, lakini ulimjibu. Akasema, "Marehemu Nyoni alikuwa rafiki yangu. Nilimtukana kila asubuhi na yeye akanitukana, na siku aliyokosekana nilikosa pa kuanzia siku. Damu yake ni yule binti. Nilidhani nikiingia nyumba hii nitatukanwa tena. Nakuta kimya. Mtani ukimnyamazia umemuua."

Nikamwambia, "Si wewe ni baba yake sasa? Atamtukanaje baba?"

Akasema, "Nani kamwambia aniite baba? Baba yake anaye, amelala pale, namjua kuliko wewe. Mimi aniite Mhehe tu, yatosha."

Tusekile, mimi nilikuwa nalia kwa hasira na mapenzi pamoja, sijui yapi yalianza. Nimekaa miezi nakulazimisha kitu ambacho yeye mwenyewe hakukitaka. Nimekununia kwa sababu humwiti baba. Umeninunia kwa sababu nimeleta baba. Na yule aliyegombewa anasubiri matusi.

Alinikataza kukuambia. Anasema mtani hafundishwi kutukana, aje mwenyewe. Lakini mimi si mtani, mimi ni mama, na nina haki ya kuharibu mambo.

Kwa hiyo sikiliza. Jumamosi Festo ataandamana na wazee wa Idodi, na kofia ya baba yako itakuwa kichwani kwake. Watatoka Boma, watapita kwenye maduka ya zamani, watashuka sokoni. Mimi nitasimama upande wa soko, nimevaa bluu na madoa ya njano, utaniona hata ukitaka usinione. Siku hiyo mji mzima utakuwa umejipaka rangi na kuchekana, hakuna atakayeshangaa msichana mmoja akiingia katikati ya ngoma na kumvua mzee kofia.

Sikuombi umpende. Umchukie kama unaweza, ila umchukie kwa sauti. Umwambie lile la Wahehe kula mbwa, ambalo baba yako alikuwa anamwambia kila asubuhi, kwamba tangu ahamie Soweto majirani wanafunga mbwa ndani. Umwambie babu zake walishindwa kumkamata Mngoni mmoja vitani mpaka wakangoja afe. Umwambie kipara chake kinatisha kuku. Na kama una maneno makali kuliko hayo, ambayo umeyaweka tangu darasa la nne, yatoe yote. Usiyabakize uende nayo darasani. Yeye atakujibu. Hatakuonea huruma, nakuahidi, na utaona namna mtu anavyopumzika akijibiwa.

Vile vipande vya gauni nimevirudisha kwenye tranka, utavikuta karibu na barua hii. Sikuvishona. Nilitaka, mikono iliwasha, nikajizuia. Chukua kimoja, mkono ule wa marinda nadhani utafaa, na ukimvua kofia mfunge huo kichwani. Nimemuuliza kwa mbali, anasema fidia yaweza kuwa chochote, hata kitambaa kibovu, mradi kimetoka mkononi mwa mtoto wa marehemu. Jua la Iringa mwezi huu halina huruma na kichwa kama kile. Halafu chukua kofia yako, nenda zako chuoni. Iweke juu ya kitanda chako. Unyoya wa kanga bado upo, umeliwa na wadudu upande mmoja.

Usipokuja, tutakwenda Gangilonga Jumapili kama tulivyopanga, nitakula mahindi yangu, nitashikwa mkono na mume wangu mbele za watu, na kofia tutarudi nayo Mbeya kwenye mfuko wa nailoni. Sitakulilia. Kwa baba yako nililia kwa kuchelewa, sitaki tena kulia hivyo. Lakini nakusema hapa kwa maandishi, ili usije ukasema Mama hakuwahi kuniambia: wewe nakujua kwa mngurumo. Mlango ukifunguka najua kama ni wewe, na ukibamizwa najua zaidi. Nakupenda, na nimekukasirikia, na yote mawili nayapakia kesho.

Nasikia geti. Ni wewe, kwa hatua. Festo anapiga mluzi huko uani na wewe hujibu.

Jumamosi, pale sokoni, mimi sitakuita wala sitakupungia. Mkubwa hasalimii kwanza. Ukishamaliza na Mhehe wako, uje mpaka niliposimama, na kofia mkononi, unipe shikamoo yangu uliyoninyima wiki nzima. Marahaba nimeifunga kwenye mzigo, nasafiri nayo.

Mama yako,
bibi harusi wa Soweto